Shangazi, bei wanataja saa ngapi?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mwanga hapa Kigoma mjini. Nyumbani tuko na mama mkwe, na king'amuzi chetu kinashinda kwenye chaneli ya mauzo kuanzia mchana mpaka usiku. Na mama tunapatana vizuri. Kinachonitoa machozi ni vile vipindi.

Tangu mwezi uliopita wanatangaza jiko la presha la umeme la lita sita. Nalitaka kweli, kwa sababu mkaa umepanda na haya maharage yetu ya njano yanakula moto. Lakini kila nikikaa nisikie bei, wananizungusha. Anaonyeshwa mama anapikicha macho kwa moshi, halafu nyama inachambuka yenyewe, halafu kuku, halafu keki, halafu watu watatu mmoja baada ya mwingine wanasimulia jiko lilivyowasaidia, halafu nyama ile ile tena. Nikienda kusonga ugali, nikirudi nakuta "na kwa bei hiyo hiyo utapata pia..." Bei yenyewe imeshapita.

Jana nilikaa mpaka mwisho. Nilichoambulia ni kwamba thamani yake ni laki tatu na nusu, leo wanatoa kwa 149,000, na watu 50 wa kwanza wanapewa kisu na mwiko bure. Wati hawakutaja. Kama hiyo 149,000 inafika Kigoma au inaishia Dar, hawakutaja. Chini ya skrini saa inahesabu kurudi nyuma, na mama mkwe ananihimiza tutume hela kabla haijafika sifuri.

Naomba unisaidie. Kwa nini wanarefusha hivyo, na nifanyeje nipate ninachotaka kujua bila kupoteza jioni nzima? Nikiamua kuagiza, niulize nini? Na je, kuna mahali pa kulalamika wakafupisha?

Ni mimi, msomaji wako wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba, mwanangu. Mama mkwe msalimie sana.

Nianze na huo urefu, maana ukishajua ulivyopangwa utaweza kuukwepa. Vipindi vya mauzo viko vya aina mbili, na kila aina inarefuka kwa sababu yake.

Kuna kilichorekodiwa. Hapo muuzaji ananunua muda kituoni, mara nyingi nusu saa nzima, katika saa ambazo muda ni rahisi kwa sababu watazamaji ni wachache: usiku wa manane, alfajiri, mchana wa siku za kazi. Mtindo huu ulishamiri Marekani baada ya mwaka 1984, mamlaka ya mawasiliano ya huko ilipoacha kuvibana vituo vya televisheni kuhusu dakika za matangazo. Kipindi cha nusu saa cha huko kwa kawaida ni dakika 28 na sekunde 30. Sasa, muuzaji anajua fika kwamba karibu hakuna anayekaa dakika zote hizo. Watu wanaingia katikati wakibonyeza rimoti, wanatazama kidogo, wanatoka. Kwa hiyo anachotengeneza ni tangazo moja la dakika kama nane hadi kumi, kisha analirudia mara tatu kwa picha zilizobadilishwa kidogo. Kila mzunguko unapita njia ile ile: shida, onyesho, ushuhuda, thamani kubwa, bei ndogo, zawadi, namba ya simu. Ile nyama uliyoiona mara ya pili ilikuwa mzunguko mpya, umeanza kwa ajili ya mtu aliyewasha televisheni dakika hiyo.

Aina nyingine ni ya mubashara. Hii ilianzia kwenye redio ndogo ya Clearwater, Florida, mwaka 1977: mteja wa matangazo alishindwa kulipa deni, akatoa vifungulio vya makopo 112 badala ya fedha, mtangazaji akaviuza hewani vikaisha. Mwaka 1982 wenye redio wakaupeleka mtindo huo kwenye televisheni, na QVC, chaneli nyingine ya mauzo ya huko, ikafuata mwaka 1986. Kwenye mauzo ya mubashara, bei kwa kawaida iko pembeni ya skrini tangu mwanzo, na urefu unaamuliwa na oda. Msimamizi anatazama mauzo yanavyoingia dakika kwa dakika na kumwelekeza mtangazaji kupitia kisikilizio: oda zikimiminika, endelea; zikikauka, lete bidhaa nyingine. Ndiyo maana mtu anaweza kusifia sufuria moja nusu saa bila kuwa na neno jipya la kusema.

Kwa ulivyoeleza, chako ni cha kurekodiwa. Unaweza kuhakikisha. Chagua sentensi moja ya mtangazaji, kwa mfano pale anapotaja kisu na mwiko, uandike saa ya chini inasoma dakika ngapi. Kipindi kikirudi kesho au keshokutwa, sikiliza sentensi ile ile. Saa ikisoma dakika zile zile, ujue imo ndani ya mkanda, na ikifika sifuri hakuna kinachofungwa. Fanya hivyo hivyo kwa "watu 50 wa kwanza". Kipimo hiki mfanye mama mkwe akione kwa macho yake, kwa sababu yeye ndiye anayesukumwa na ile saa, na maneno yako peke yako hayatamtuliza.

Bei nayo inachelewa kwa makusudi. Mtu hupima bei kwa tarakimu aliyoisikia kwanza. Wakikutajia 149,000 mwanzoni, utaifananisha na fedha iliyomo nyumbani. Wakikutajia laki tatu na nusu kwanza, utaifananisha na hiyo, uone umeokoa laki mbili. Jiulize ni duka gani linaliuza 350,000. Nenda kwenye maduka ya vyombo vya umeme hapo Mwanga, tazama jiko la lita sita la wati 1000, andika bei mbili au tatu. Hiyo ndiyo thamani yake Kigoma. Ya skrini waachie wenyewe.

Kuhusu kupata habari haraka, njia rahisi ni kuanzia mwisho. Bonyeza INFO kwenye rimoti, king'amuzi kitakuonyesha kipindi kimeanza saa ngapi na kinaisha saa ngapi. Endelea na shughuli zako, uje kukaa dakika tano za mwisho. Mzunguko wa mwisho karibu wakati wote unafungwa na bei, zawadi na namba ya simu, hivyo hutakosa kitu.

Kama king'amuzi chako kina tundu la USB na kinaruhusu kurekodi, chomeka flashi, bonyeza kitufe cha kurekodi, uende jikoni. Nusu saa ya picha ya kawaida inachukua takriban MB 450 hadi 900, kwa hiyo flashi ya GB 8 inatosha kabisa. Baadaye ukiiendesha kwa kasi mara nane, nusu saa inapita kwa dakika nne hivi. Vipo ving'amuzi vyenye tundu la USB la kuboreshea programu tu, na vingine vinarekodi lakini haviruhusu baadhi ya chaneli. Jaribu dakika mbili kwanza kabla hujategemea.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalifanyi. Bei inapotokea, piga picha skrini kwa simu yako, kisha ikuze. Chini kabisa, kwa herufi ndogo zinazokaa sekunde chache, ndiko kunakoandikwa yale ambayo sauti haisemi: bei haijumuishi usafirishaji, picha ni za mfano, matokeo yanaweza kutofautiana, zawadi ni mpaka zitakapokwisha. Swali lako la Dar au Kigoma huenda limejibiwa hapo.

Tuje kwenye jiko lenyewe, kwa kuwa hapa ndipo hela inapopotelea. Jiko la presha la umeme ni kifaa kizuri, na kwa mpika maharage nalipendekeza bila kusita. Ila yale maonyesho yanaacha nje mambo ambayo ukiyakuta nyumbani utadhani umeuziwa bovu.

La kwanza ni muda. Wakisema "dakika 20 tu", wanahesabu kuanzia presha ikishapanda. Jiko la wati 1000 lililojaa nusu linahitaji dakika 15 hadi 20 kupandisha presha, na ukimaliza kupika unaliacha dakika 10 hadi 15 lishuke lenyewe ndipo ufungue. Maharage makavu uliyoyaloweka usiku kucha yanaiva kwa dakika 15 hadi 20 za presha. Ambayo hayakulowekwa yanataka 40 hadi 50, na ya zamani yaliyokaa ghalani yanataka zaidi. Kwa hiyo tangu kuwasha hadi kupakua ni dakika 40 na kitu kwa yaliyolowekwa, na zaidi ya saa moja kwa yasiyolowekwa. Studio wanakuwa na jiko la pili lenye chakula kilichoiva tayari, ndilo linalofunguliwa mbele yako.

La pili ni ujazo. "Lita sita, chakula cha watu kumi na wawili." Lita sita ni mpaka ukingoni, na jiko la presha halijazwi mpaka ukingoni. Chakula cha kawaida kisizidi theluthi mbili. Maharage yasizidi nusu pamoja na maji, kwa sababu yanavimba na kutoa povu, na povu likipanda linaziba tundu la mvuke. Nusu ya lita sita ni lita tatu, yaani kilo moja ya maharage makavu na maji lita mbili hivi. Kwa nyumba yenu inatosha vizuri. Kama unafikiria kuuza chakula, halitoshi. Kijiko kikubwa cha mawese ndani ya maji kinapunguza povu, na mawese hapo kwenu hayakosekani.

La tatu ni umeme, na hili nakusihi usilipuuze. Baadhi ya vipindi hivi vilirekodiwa Marekani kwa bidhaa za huko, ambako umeme wa majumbani ni volti 120 na hezi 60. Wetu ni volti 230 na hezi 50. Kifaa cha kupasha moto cha volti 120 kikichomekwa kwenye 230 kinavuta nguvu karibu mara nne ya iliyokusudiwa, na kinaungua siku hiyo hiyo. Unachotaka kusikia ni "volti 220 hadi 240, hezi 50", na uyaone maneno hayo kwenye kibandiko cha chini au cha nyuma ya jiko. Plagi iwe ya miguu mitatu bapa kama soketi zetu, isiwe ya kuungaunga na adapta. Jiko la wati 1000 linavuta kama ampea nne na nusu, soketi ya ukutani ya ampea 13 inalibeba bila shida. Lakini usilichomeke kwenye ekstensheni ya waya mwembamba pamoja na friji na pasi: waya unapata moto, na soketi inaanza kuyeyuka upande wa ndani usikoona.

Umeme ukishuka, jiko nalo linalegea. Volti zikiwa 180, jiko la wati 1000 linatoa kama wati 610 tu, na zile dakika 20 za kupandisha presha zinakuwa zaidi ya nusu saa. Jioni watu wote wanapopika, ukiona linachelewa, usikimbilie kusema limeharibika. Kwenye LUKU, mpiko mmoja wa maharage unakula kama nusu uniti. Zidisha kwa bei ya uniti unayonunua wewe, kisha linganisha na mkaa unaouchoma kwa sufuria hiyo hiyo. Naamini hesabu itakupa raha kuliko ushuhuda wa wale watu watatu.

Ukipiga simu, shika kalamu na uongoze mazungumzo wewe, kwa sababu anayepokea naye ana maneno yake ya kurefusha. Mwombe jina la bidhaa na namba ya modeli, kisha volti na wati. Muulize jumla mpaka mkononi mwako Kigoma ni shilingi ngapi, kwa tarakimu moja, pamoja na usafirishaji na hizo zawadi. Ya "bure" mara nyingine inalipiwa usafirishaji wake peke yake. Muulize dhamana ni ya miezi mingapi, na likiharibika unalipeleka wapi: kama fundi yuko Dar peke yake, kulirudisha ni zaidi ya kilomita 1,200 kwa gharama yako, basi dhamana hiyo ni nusu dhamana. Muulize pia kama wanauza mpira wa mfuniko peke yake. Mpira huo ndio unaochoka kwanza. Ukilegea mvuke unatoka pembeni na presha haipandi, na bila mpira wa saizi yake jiko zima linabaki sufuria ya kawaida. Akishindwa kukutajia volti au modeli, mshukuru ukate simu.

Malipo yawe kwa Lipa Namba ya biashara. Kabla hujaweka namba ya siri, simu inakuonyesha jina la anayepokea. Likiwa jina la mtu binafsi ambalo halihusiani na kampuni, simama hapo hapo. Wakikubali ulipe mzigo ukifika, chagua hilo hata kama ni ghali kidogo. Dai risiti ya EFD, na ujumbe wa muamala usiufute.

Mzigo ukifika kwa basi au kwa treni, ufungue pale pale mbele ya mhudumu wa mizigo kabla hujasaini. Tazama ukingo wa sufuria ya ndani na ukingo wa mfuniko: ukiwa umebonyea hata kidogo, haufungi vizuri. Tazama mpira umo, waya haujakatika, kibandiko kinasoma modeli uliyoambiwa. Piga picha. Nyumbani, kabla ya chakula chochote, tia lita moja ya maji, funga, weka presha dakika tano. Mvuke kidogo kupitia kwenye kipini cha mfuniko, yaani kile kijipini kidogo kinachoinuka presha ikipanda, kabla hakijapanda ni kawaida. Kipini kikishapanda, mvuke unaotoka pembeni mwa mfuniko unamaanisha mpira umekaa vibaya au ukingo umepinda. Na kamwe usilazimishe kufungua kipini kikiwa juu. Hili waambie watoto wote wanne.

Swali la kulalamika. Ukilalamikia urefu peke yake sioni kama utafika mbali: muda huo umelipiwa, na dawa yake ni kuificha chaneli kwenye orodha au kupanga chaneli mnazozipenda zikae mbele. Malalamiko yenye nguvu ni ya maelezo yasiyo kweli. Ukiletewa kitu tofauti na kilichoelezwa, Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kinachouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Anza kwa muuzaji, kwa maandishi, ukiambatisha zile picha za skrini. Akikaa kimya, Tume ya Ushindani inashughulikia upotoshaji wa wateja chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kwa maudhui yaliyorushwa hewani, andikia kituo chenyewe, kisha TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ambako kuna Kamati ya Maudhui. Taja chaneli, tarehe, saa na maneno yaliyosemwa. Bila hayo hakuna wa kukufuatilia.

Na kwa kuwa chaneli hizo zinauza pia mikanda ya kupunguza tumbo, mafuta ya magoti na vifaa vya kupima ugonjwa, mwambie mama mkwe kwamba vitu vya namna hiyo asiagize kabla ya kuuliza hospitali au duka la dawa. Dawa na vifaa tiba viko chini ya TMDA, mamlaka inayovidhibiti, na jiko likikosewa utapoteza fedha tu, lakini dawa ikikosewa ni mwili wake.

Yeye anakaa mbele ya skrini hata hivyo, basi mpe karatasi na kalamu. Mwombe aandike modeli, wati, volti, jumla mpaka Kigoma na dhamana, kila kimoja kikitajwa. Nafasi itakayobaki tupu kipindi kikiisha ndiyo utakayoanza nayo ukipiga simu.

Shangazi